Fahamu: Kwa nini Bibi Titi hakuhitaji kuacha dini ili aongoze

Kila mwanamke wa Kiislamu anaposhika madaraka Tanzania, swali la zamani huibuka: je, amejitenga na dini yake? Maisha ya Bibi Titi Mohamed, aliyezaliwa Dar es Salaam mwaka 1926, yanajibu vingine. Alipovunja ungo aliwekwa ndani kama mabinti wengi wa Pwani, kisha akaozwa angali mdogo. Mwaka 1955 alipokabidhiwa tawi la wanawake la TANU, chama kilichopigania uhuru wa Tanganyika, silaha yake ilikuwa ngoma. Alikuwa mwimbaji wa kikundi cha Bomba, na vikundi vya aina hiyo tayari vilikuwa na viongozi, michango na nidhamu. Alivipitia, na katika miezi michache maelfu ya wanawake walichukua kadi, wakati wanaume walioajiriwa serikalini walikatazwa kujiunga.

Wapo watakaosema kuwekwa ndani ni mila tu, dini haimo. Kwa msichana aliye nyuma ya mlango uliofungwa tofauti hiyo ni ndogo, maana wanaomfungia hutaja zote mbili kwa pumzi moja. Hata hivyo hoja hiyo ina uzito: ndiyo inayoeleza kwa nini Bibi Titi alivuka kizingiti bila kuuacha Uislamu. Na anayedhani alikuwa pambo la wanaume wa chama akumbuke kwamba alijiuzulu katika uongozi baada ya Azimio la Arusha la 1967, lililotangaza siasa ya Ujamaa, kisha akashtakiwa kwa uhaini na kufungwa hadi 1972. Pambo halishtakiwi.