Gundi ya Nyuki na Damu ya Mtoto

Wanaokamua asali huku kwetu Butembo na Beni wanaijua ile gundi nyeusi-nyeusi inayobaki mikononi, yenye harufu ya msitu. Siyo nta. Nyuki huchuma utomvu kwenye machipukizi na magome ya miti, wanauchanganya na nta, halafu wanaziba nyufa za mzinga. Hata panya akifia humo, kwa kuwa hawawezi kumbeba, wanampaka gundi hiyo mwili mzima, naye anakauka bila kuoza! Wataalamu wanaiita propolisi.

Je, ni kweli inaongeza damu? Kwa sisi wa machimbo si swali dogo. Watoto wenye viganja vyeupe tunawaona kila siku.

Huko Hispania, watafiti wa Chuo Kikuu cha Granada walichapisha jaribio lao mwaka 2000. Walichukua panya wa laboratwari, wakawanyima madini ya chuma katika chakula mpaka damu ikapungua. Baadaye walipowarudishia chakula chenye chuma, wengine waliongezewa propolisi na chavua, yaani ule unga wa maua. Hao matumbo yao yalipokea chuma vizuri zaidi, na damu yao ikarudi vizuri zaidi. Lakini tuangalie sana: chuma chenyewe kilitoka katika chakula. Gundi ilikuwa msaidizi tu.

Tena, panya wale walikuwa na shida moja, kukosa chuma. Mtoto wa Beni ana malaria, na mdudu wa malaria anapasua chembe nyekundu za damu. Baba anayeshinda miguu mitupu katika tope la shimo anaweza kuingiwa na minyoo ya safura, ambayo hunyonya damu tumboni. Si jambo jipya: mwaka 1880 minyoo hiyo ilikutwa kwa wafanyakazi waliochimba handaki la Gotthard, kule Uswisi, nao walikuwa wamepauka kabisa. Jaribio la Granada halikugusa malaria wala minyoo.

Kumbe kuna hatari nyingine. Gundi inanata, basi inakamata vumbi na moshi. Wapimaji wa nchi mbalimbali wamekuta risasi ndani ya propolisi, na risasi yenyewe huharibu damu. Mzinga ulio karibu na mashine za machimbo, mimi siwezi kula gundi yake.

Mama, mtoto akiwa na viganja vyeupe na kuhema mbiombio, mpeleke kituo cha afya siku hiyohiyo, usiku pia. Wapime malaria na damu. Pengine atahitaji kuongezewa. Nyumbani apate maharagi, sombe na ndakala. Na ambaye hajatimiza mwaka mmoja asilambishwe asali hata kidogo, maana inaweza kubeba vijidudu vinavyolegeza mwili wa mtoto mchanga hadi ashindwe kunyonya.