Je, Wajua? Damu Inavyotoa Habari za Vali ya Moyo Iliyoambukizwa

Moyo wa binadamu una vali nne, nazo hufunguka na kujifunga takriban mara 100,000 kila siku. Bakteria wakiingia kwenye damu na kung'ang'ania vali mojawapo, huzuka endokaditisi. Dalili zake ni homa isiyokoma, jasho la usiku, uchovu na kukonda, kwa hiyo ni rahisi kuidhania malaria au kifua kikuu. Hapo ndipo vipimo vya damu vinapohitajika, na pia kusomwa kwa busara.

Je, wajua kwamba bakteria wa kwenye vali hujificha?
Hujifunika kwa chembe sahani na nyuzi za fibrini, na hivyo kujenga uoto juu ya vali; gramu moja ya uoto huo yaweza kubeba bakteria zaidi ya bilioni moja. Vali yenyewe ina mishipa michache mno ya damu, hivyo chembe nyeupe huwafikia kwa shida. Ndiyo maana mgonjwa huhitaji antibiotiki kali, kwa kawaida kwa wiki 4 hadi 6, na wengine hufikia kufanyiwa upasuaji. Kipande cha uoto kikimeguka na kukwama kwenye mshipa wa ubongo, huleta kiharusi.

Je, wajua kwamba zamani kuujua ugonjwa huu hakukumwokoa mgonjwa?
Mwanzoni mwa 1911 mtunzi wa muziki Gustav Mahler aliugua homa akiwa New York. Damu yake ilioteshwa maabara, wakaonekana bakteria wa jamii ya streptokoka. Jibu lilikuwa sahihi, lakini penisilini ilikuwa bado haijagunduliwa. Mahler alifariki Vienna tarehe 18 Mei 1911 akiwa na umri wa miaka 50. Hadi leo, kuotesha damu ndiko kunakomtaja adui kwa jina, nayo ekokadiogramu, yaani picha ya moyo inayopigwa kwa mawimbi ya sauti, huonyesha alipojichimbia.

Je, wajua kwamba kipimo cha ESR, yaani cha kasi ya chembe nyekundu kuzama, huhitaji mrija, dawa ya kuzuia damu isigande, na subira ya saa moja?
Damu husimamishwa kwenye mrija, kisha mtaalamu wa maabara husoma chembe nyekundu zimeshuka milimita ngapi. Mwili unapokuwa na inflamesheni, yaani unapopambana na vimelea au jeraha, ini hutoa kwa wingi fibrinojeni, protini ya kugandisha damu. Protini hiyo huzifanya chembe nyekundu zishikamane mafungu mafungu na kuzama haraka. Edmund Biernacki wa Poland alieleza manufaa ya kipimo hiki mwaka 1897. Robin Fåhraeus na Alf Westergren wa Uswidi wakakiendeleza kati ya 1918 na 1921. Kwa wagonjwa wengi wa endokaditisi, ESR huwa juu.

Je, wajua kwamba selimundu inaweza kuishusha ESR?
Chembe zilizopinda kama mundu hazipangiki vizuri katika mafungu, kwa hiyo hushuka polepole hata mgonjwa akiwa na maambukizi mazito. Kinyume chake, ujauzito, umri mkubwa na upungufu wa damu huipandisha ESR hata pasipo maambukizi. Katika nchi zetu, ambako selimundu imeenea, namba ya maabara isisomwe bila kumtazama mwenye damu.

Je, wajua kwamba CRP, kipimo kingine cha damu kinachoonyesha inflamesheni, iligunduliwa kwa wagonjwa wa nimonia?
Mwaka 1930, William Tillett na Thomas Francis wa Taasisi ya Rockefeller, New York, waliona kitu katika damu ya wagonjwa hao kikishikamana na sehemu ya ukuta wa bakteria wa nimonia. Kitu hicho ni protini inayotengenezwa na ini. Huanza kupanda saa chache baada ya mwili kushambuliwa, hufikia kilele baada ya siku mbili hivi, na uzalishaji ukikoma, nusu yake hutoweka kila baada ya saa 19. Ndiyo sababu CRP huonyesha mabadiliko mapema kuliko ESR, ambayo huchukua wiki kadhaa kushuka. 

Je, wajua kwamba CRP kubwa peke yake haithibitishi endokaditisi?
Mwaka 1994 madaktari wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, walitoa vigezo vya kuutambua ugonjwa huu. Mwaka 1997 watafiti wa London walipendekeza ESR na CRP ziongezwe, lakini marekebisho ya mwaka 2000 hayakuziingiza. CRP hupanda pia kwa nimonia, kifua kikuu, malaria, kuvunjika mfupa na hata baada ya upasuaji uliokwenda vizuri. Mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo; ni jambo gani, sharti uende ukasikilize. Tena, bakteria wapole wa kinywani huweza kuila vali taratibu huku CRP ikiwa imepanda kidogo tu, ilhali bakteria mkali aitwaye Stafilokoka aureusi kwa kawaida huipandisha mno. Jibu la chini halimwondolei mgonjwa shaka.

Je, wajua kwamba CRP husaidia kuamua kama mgonjwa anaweza kuacha sindano?
Nchini Denmark, watu wazima 400 wenye endokaditisi ya upande wa kushoto wa moyo walishirikishwa katika utafiti ambao matokeo yake yalitangazwa mwaka 2018. Wote walianza kwa dawa za mshipani kwa angalau siku 10. Masharti ya kuingia yalijumuisha homa kutulia, na CRP kushuka chini ya robo ya kilele chake au chini ya miligramu 20 kwa lita. Nusu yao walihamishiwa vidonge, na matokeo yao hayakuwa mabaya kuliko ya waliobaki kwenye sindano. Kwa hiyo thamani kubwa ya kipimo hiki imo katika kurudiwa. CRP inayoshuka wiki hadi wiki huleta matumaini. Inayogoma kushuka humtaka daktari atafute jipu, dawa isiyofaa au haja ya upasuaji.

Je, wajua nani aliye hatarini zaidi?
Ni mwenye vali bandia, aliyewahi kuugua endokaditisi, na mwenye vali zilizoharibiwa na homa ya baridi yabisi, ambayo huanzia kwenye maambukizi ya koo utotoni na bado huwaumiza vijana wengi Afrika Mashariki. Ukiwa mmoja wao, tunza meno na fizi zako, maana bakteria wengi huingilia kinywani. Homa ikizidi siku chache, usijinunulie antibiotiki dukani, kwani dozi chache tu zaweza kuwaficha bakteria wasiote maabara. Nenda hospitali, mweleze daktari habari za vali yako, na uombe damu ya kuotesha ichukuliwe kabla ya dozi ya kwanza.