Bima ya afya: hospitali hulipwa kwa kipimo gani

Fedha za bima ya afya hupita hatua mbili. Hutoka kwa mwanachama na mwajiri wake zikaingia kwenye mfuko, kisha hutoka kwenye mfuko zikaenda hospitali. Hatua ya kwanza ndiyo inayojadiliwa sana bungeni na redioni, kwa kuwa kila mwenye ajira huiona kwenye hati yake ya mshahara. Ya pili wachache huifuatilia, ingawa ndiyo inayoamua kama mgonjwa atalazwa au atarudishwa nyumbani, atafanyiwa vipimo vingapi, na kama dirishani ataambiwa dawa zimekwisha akanunue dukani. Migogoro mikubwa ya bima iliyotokea Tanzania na Kenya miaka ya karibuni ilianzia katika hatua hii ya pili.

Nchini Tanzania wananchi walianza kuchangia gharama za matibabu katika hospitali za umma mwaka 1993. Mwaka 1996 Mfuko wa Afya ya Jamii (CHF) ulijaribiwa wilayani Igunga, na Julai 2001 Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya (NHIF) ukaanza kazi kwa watumishi wa umma. Mchango wa NHIF ni asilimia 6 ya mshahara, mtumishi akikatwa 3 na mwajiri akitoa 3. CHF iliyoboreshwa mwaka 2018 iliwekewa kiwango cha shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu wasiozidi sita katika mikoa mingi. Mtumishi wa mshahara wa shilingi milioni moja, pamoja na mwajiri wake, huingiza shilingi 60,000 kila mwezi. Kwa mwezi mmoja tu huwa wamelipa mara mbili ya mchango wa mwaka mzima wa kaya ya mkulima. Pengo hilo ndilo lililoufanya mfuko mmoja ununue huduma hadi hospitali za kibingwa, na mwingine ukomee kwenye orodha fupi isiyovuka ngazi ya mkoa.

Kenya ina historia ndefu zaidi. Mfuko wake wa bima ya hospitali, nao ukiitwa NHIF, ulianzishwa mwaka 1966 na kwa miongo mingi ulilipia kulazwa tu. Mwaka 2015 viwango vya mchango vilipandishwa hadi kati ya shilingi 150 na 1,700 kwa mwezi, na matibabu ya wagonjwa wa nje yakaingizwa kwa wanachama wote. Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ya mwaka 2023 iliuvunja mfuko huo, na kuanzia tarehe 1 Oktoba 2024 kazi yake ikachukuliwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA). Makato sasa ni asilimia 2.75 ya mshahara kabla ya kodi, bila kikomo cha juu. Mwenye mshahara wa shilingi 20,000 aliyekuwa akikatwa 750 sasa hukatwa 550. Mwenye 100,000 amepanda kutoka 1,700 hadi 2,750, na mwenye nusu milioni hutoa 13,750. Tofauti na Tanzania, mwajiri hachangii chochote, na huenda ndiyo sababu kelele za makato haya Nairobi zilitoka zaidi kwa wafanyakazi kuliko kwa wenye kampuni.

Fedha zikishaingia, mfuko huchagua kipimo cha kulipia. Tanzania imetegemea zaidi malipo kwa kila huduma: kumwona daktari kuna bei yake, kipimo cha damu kina bei yake, na kila dawa ina bei yake. Hospitali hujaza fomu za madai, mfuko huzihakiki na kulipa. Mgonjwa hunufaika kwa kuwa daktari hana sababu ya kumnyima kipimo. Ila daktari huyo huyo hana sababu ya kuacha kipimo kisicho cha lazima, na gharama hupanda mwaka hadi mwaka hata wanachama wasipoongezeka. Silaha kubwa ya mfuko hapo ni orodha ya bei, ambayo Tanzania huitwa kitita cha mafao, na mvutano wa mwaka 2024 ulihusu orodha hiyo. Kitita kilichokuwa kikitumika kilikuwa cha mwaka 2016. Kipya kilipangwa kuanza Januari 2024, kikaahirishwa ili kamati ya waziri isikilize pande zote, kisha kikaanza tarehe 1 Machi. Mfuko ulisema bei zimewekwa kufuata soko; hospitali binafsi zikasema baadhi yake hazirudishi hata gharama. Siku hiyo hospitali kadhaa kubwa za binafsi zilisitisha kuwahudumia wanachama wa NHIF, wakaelekezwa kwenye hospitali za umma na za mashirika ya dini hadi mazungumzo yalipozaa makubaliano. Pande zote mbili zilikuwa na hoja, lakini bei isiyoguswa kwa miaka minane lazima ikiguswa iumize.

Bei ya mfuko huweza hata kujenga biashara mpya. NHIF ya Kenya ilipoanza kulipa shilingi 9,500 kwa kila kikao cha kusafisha damu kwa wagonjwa wa figo, vituo binafsi vya huduma hiyo viliota hadi miji midogo ya kaunti, sambamba na mashine ambazo serikali ilizikodi kwa ajili ya hospitali za umma kuanzia 2015. Wagonjwa waliokuwa wakisafiri hadi Nairobi au Eldoret mara mbili kwa wiki walipata huduma karibu na nyumbani. SHA baadaye iliongeza malipo hayo hadi 10,650. Huduma za kuzuia shinikizo la damu na kisukari, magonjwa yanayoua figo nyingi, hazikupata bei ya kuvutia kiasi hicho, na hakuna mwekezaji aliyekimbilia kuzifungulia vituo.

Kipimo kingine ni malipo kwa kichwa, ambapo kituo hupewa kiasi maalumu kwa kila mwanachama aliyekichagua, awe ameugua au la. NHIF ya Kenya ilikitumia kwa wagonjwa wa nje. Mfuko hujua mapema utatumia kiasi gani, na hilo ni jambo kubwa kwa mhasibu, lakini kituo hupata faida zaidi mgonjwa asipokuja, au akija akapewa rufaa ya haraka kwenda kwingine. Pia fedha hutoka kabla ya kazi. Mwaka 2012 Kenya ilitikiswa na kashfa iliyohusu bima ya watumishi wa umma, kwa madai kwamba malipo ya aina hiyo yalikwenda kwa kliniki ambazo hazikuwepo.

Katikati ya hivyo viwili kuna malipo kwa siku ya kulazwa na kwa tukio zima. SHA hulipa shilingi 10,000 kwa uzazi wa kawaida na 30,000 kwa upasuaji. Tofauti ya 20,000 ina sababu za kitabibu, lakini pia ni kishawishi. Waziri wa Afya Aden Duale alipotangaza mwaka 2025 kusimamishwa kwa vituo kadhaa, miongoni mwa tuhuma ilikuwa kwamba uzazi wa kawaida uliandikwa kuwa upasuaji, na wagonjwa wa nje wakaandikwa kuwa wamelazwa. Udanganyifu hufuata kipimo: mfuko ukilipa kwa huduma, vipimo huongezwa, ukilipa kwa kitanda, vitanda hujaa kwenye makaratasi. Uhakiki wa alama za vidole au sura huthibitisha kwamba mgonjwa alifika, si kwamba alihitaji alichofanyiwa.

Juu ya yote kuna suala la muda. NHIF ya Kenya ilipofungwa iliacha madeni ya mabilioni ya shilingi kwa hospitali, na Machi 2025 Rais William Ruto aliagiza wanaodai chini ya shilingi milioni 10 walipwe kikamilifu na madai makubwa zaidi yahakikiwe kwanza. Hospitali inayosubiri miezi minane haisubiri bila gharama. Wauzaji wa dawa wanataka fedha zao, wauguzi wanataka mishahara, na benki inataka riba. Ndipo mwanachama mwenye kadi anapotumwa duka la dawa la nje ya geti, akilipa kwa fedha taslimu huduma aliyokwisha kukatwa kwenye mshahara.

Wasio na mshahara wa kukatwa ndio wengi katika nchi zote mbili, na hao kwa vitendo hujiunga kwa hiari yao, mara nyingi wakishaugua. Toto Afya Kadi ya Tanzania, iliyouzwa shilingi 50,400 kwa mtoto kwa mwaka, ilisitishwa mwaka 2023 kwa mtindo wa usajili wa mtoto mmoja mmoja, kwa kuwa malipo ya matibabu yalizidi michango mara kadhaa. Wazazi wa watoto wenye maradhi ya kudumu waliikimbilia, wa watoto wazima wakaiacha. Kenya imejaribu njia ya kukisia kipato cha kaya kwa maswali kuhusu nyumba na mali, kima cha chini kikiwa shilingi 300 kwa mwezi, lakini asiye na ajira rasmi hutakiwa kulipa mwaka mzima kwa mkupuo. Mwenye bodaboda au mama lishe hana mkupuo huo, hivyo serikali ikaanzisha mkopo wa Lipa SHA Pole Pole.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya Tanzania, iliyopitishwa na Bunge Novemba 2023, imechagua njia nyingine kwa wasio na uwezo: mfuko maalumu utakaopata fedha kutokana na vyanzo kama ushuru wa vinywaji baridi, vileo na vipodozi, pamoja na kodi ya michezo ya kubahatisha. Mapato hayo hupanda na kushuka na matumizi ya watu, ilhali idadi ya wagonjwa haifuati mauzo ya soda. Mwaka ambao mauzo yatapungua, mfuko utalazimika ama kuomba hazina, ama kupunguza mafao, ama kuchelewesha malipo ya hospitali. Katika nchi zote mbili, hilo la tatu ndilo ambalo hadi sasa limekuwa rahisi zaidi kufanyika bila kutangazwa.