Mzazi ana kisukari? Usimnyang'anye jembe

Mzazi akishaambiwa ana kisukari, nyumba nzima hubadilika. Watoto hugawana majukumu. Mmoja ananunua mashine ya kupimia sukari, mwingine anapiga simu kila jioni kuuliza kama dawa zimemezwa, wa tatu anatafuta dada wa kazi wa kukaa naye. Ndoo ya maji inaondolewa mikononi mwa mama. Baba anaambiwa shamba sasa basi, amehangaika vya kutosha, apumzike. Mezani nako wali, nyama, mayai na maziwa vinapigwa marufuku kwa mkupuo mmoja.

Nia ni njema. Lakini baada ya miaka miwili mitatu, familia hiyohiyo huanza kuona mambo mawili. Mapaja ya mzee yamekwisha, suruali inashikiliwa na mkanda tu. Na kichwani napo pamelegea: anauliza jambo moja mara tatu, anachanganya noti ya elfu tano na ya elfu kumi, hakumbuki kama dawa ya asubuhi amekunywa.

La kwanza husemwa kuwa kisukari kimemkausha. La pili husemwa ni uzee. Ni nadra mtu kuyaweka mambo hayo mawili kwenye kapu moja, ingawa yana uhusiano, na neno "pumzika" linaweza kuwa limechangia yote mawili.

Misuli ni ghala la sukari

Wengi wanaijua kongosho linapotajwa suala la kisukari. Misuli haitajwi sana, wakati ndiyo mteja mkubwa wa sukari mwilini. Mtu akila, insulini husaidia sukari itoke kwenye damu na kuingia kwenye seli, na sehemu kubwa ya sukari hiyo hupokewa na misuli, ambako hutumika kama nguvu au huwekwa akiba. Mtu mwenye misuli kidogo ana ghala dogo. Sukari inakosa pa kwenda, inabaki kwenye damu.

Tatizo ni kwamba kisukari chenyewe hula misuli. Insulini isipofanya kazi sawasawa, mwili hushindwa kujenga misuli vizuri na huanza kuivunja. Utafiti uliochapishwa nchini Marekani mwaka 2009, uliofuatilia watu waliokuwa na umri wa miaka 70 hadi 79 ulipoanza, ulionyesha kuwa wanawake wenye kisukari cha aina ya pili walipoteza misuli ya mapaja kwa kasi mara mbili ya wenzao wasio na ugonjwa huo.

Huyo ndiye mama ambaye watoto wanamwambia asiinuke kwenye kiti.

Inavyogusa akili

Upande wa ubongo, jambo moja halina ubishi mkubwa tena. Sukari ikikaa juu kwa miaka huharibu mishipa midogo ya damu, na kama inavyofanya kwenye macho na figo, hufanya hivyo kwenye ubongo. Tume ya wataalamu ya jarida la kitabibu la Lancet, katika ripoti yake ya mwaka 2024, iliorodhesha kisukari na kutofanya mazoezi miongoni mwa mambo 14 yanayoongeza hatari ya demensia, ule ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu na uwezo wa kufikiri. Tume hiyo ilikadiria kuwa karibu asilimia 45 ya visa vyote duniani vingeweza kuzuiwa au kucheleweshwa iwapo mambo hayo yote yangeshughulikiwa.

Kuhusu misuli yenyewe, watafiti wa Canada walichapisha mwaka 2022 matokeo ya watu 8,279 wenye miaka 65 na kuendelea, wenye kisukari na wasio nacho, waliofuatiliwa kwa miaka mitatu. Waliokuwa na misuli kidogo walishuka haraka zaidi katika uwezo wa kupanga, kuamua na kuhama kutoka jambo moja kwenda jingine. Kumbukumbu haikuonyesha tofauti hiyo.

Utafiti wa namna hii hauthibitishi kwamba misuli kupungua ndiko kulikosababisha akili kushuka. Huenda ugonjwa mmoja unavuta yote mawili. Hata hivyo, zipo njia zinazoeleweka: misuli inayofanya kazi husaidia sukari ishuke, huboresha mzunguko wa damu, na hutoa kemikali zinazosafiri hadi viungo vingine. Mojawapo, irisini, ilitangazwa mwaka 2012 na wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Harvard, ingawa kazi yake kwa binadamu bado inajadiliwa.

Uwezo huo wa kupanga na kuamua unapaswa kuitia hofu familia yenye mgonjwa wa kisukari, kwa sababu ndio unaotumika kuutunza ugonjwa wenyewe. Kupima sukari, kuisoma namba, kukumbuka kama umekula, kuvuta dozi sahihi ya insulini, kujua kwamba leo hujala vizuri hivyo uwe mwangalifu: yote hayo ni kazi ya kichwa. Kikichoka, mzee anaweza kujidunga mara mbili.

Hapo sukari hushuka ghafla, na ubongo ndio huumia kwanza, kwa kuwa hutegemea sukari kila dakika. Utafiti wa California wa mwaka 2009, uliohusisha wagonjwa 16,667 wa kisukari cha aina ya pili, ulibaini kuwa wazee waliowahi kupelekwa hospitali kwa sukari kushuka sana walikuwa na hatari kubwa zaidi ya kupata demensia baadaye. Kusahau kunaleta kushuka kwa sukari, na kushuka kunaweza kuongeza kusahau.

Hapa nyumbani

Kwa Tanzania si jambo la kufikirika. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta asilimia 9.1 ya watu wa miaka 25 hadi 64 wana kisukari. Wengi wa hao sasa wanaingia uzeeni. Wilayani Hai, Kilimanjaro, watafiti walikuta demensia kwa asilimia 6.4 ya watu wenye miaka 70 na zaidi.

Kazi ya Hai ilisaidia pia kuzaa kipimo kifupi cha akili kinachoitwa IDEA, ambacho mzee hupanga njiti za kiberiti badala ya kuandika au kuchora. Jambo zuri, maana bibi ambaye hakukanyaga darasani hawezi kuhukumiwa kwa kalamu.

Afanye nini sasa

Mzee hajachelewa. Mwaka 1990, mjini Boston, madaktari waliwafanyisha mazoezi ya kunyanyua uzito kwa miguu wazee 10 wa nyumba ya kulelea wazee, wenye miaka 86 hadi 96. Kwa waliomaliza wiki nane, nguvu ya miguu iliongezeka zaidi ya maradufu. Kama mwenye miaka 90 anaweza, baba wa miaka 64 hana sababu ya kushinda kwenye kochi.

Kipimo cha kuanzia kinafanyika sebuleni. Chukua kiti kigumu, kiegemeze ukutani. Mzee akunje mikono kifuani, asimame na kukaa mara tano mfululizo bila kujishika, nawe simama karibu yake. Akizidi sekunde 15, au akishindwa, miguu imeanza kuishiwa nguvu. Zoezi la kutibu hali hiyo ni hilohilo: kusimama na kukaa, mara chache kwa siku, akiongeza taratibu. Shirika la Afya Duniani linashauri mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku mbili kwa wiki, mbali na kutembea. Bustani, kufagia uwanja, kubeba ndoo ndogo, vyote vinahesabika.

Chakula nacho kirudi mezani. Wataalamu wa lishe ya wazee wanapendekeza gramu 1 hadi 1.2 za protini kwa kila kilo ya uzito kwa siku, yaani gramu 60 hadi 72 kwa mwenye kilo 60. Yai moja lina kama gramu sita. Ugali wa dona na mchicha peke yake hautafika huko. Maharage, choroko, dagaa, samaki, mtindi usiotiwa sukari na mayai vinaweza.

Tahadhari ni tatu na zote ni za kweli. Mwenye figo zilizoharibika asiongeze protini bila daktari. Mwenye vidonda vya miguu, tatizo la moyo au macho yaliyoathiriwa na kisukari aulize kwanza mazoezi gani yanamfaa. Na anayetumia insulini au vidonge kama glibenklamidi sukari inaweza kumshuka akifanya kazi, hivyo apime kabla na awe na kitu kitamu mfukoni.

Kuhusu kusahau, lipo jambo moja linalopitwa mara nyingi. Kutumia metformini kwa miaka mingi kunaweza kupunguza vitamini B12 mwilini, na upungufu huo huvuruga kumbukumbu na kutia ganzi miguuni. Hupimwa kwa damu na hutibika.

Kwa hiyo siku ya kliniki usiende na namba za sukari peke yake. Mwambie daktari mzee amepungua kilo ngapi tangu mwaka jana, ameanguka mara ngapi, alitumia sekunde ngapi kwenye kiti, ameanza kusahau nini, na nani anamhesabia dawa.