Johnny Cash: nyimbo zilizokataliwa zikarudi

Siye watu wa mine tunajua barua ya namna ile. Mtu anafanya kazi miaka 28, kisha kampani inamwambia: asante, rudi nyumbani. Johnny Cash, mwimbaji wa country wa Marekani, njo ilimpata hivyo mwaka 1986. Columbia, iliyomwandika tangu 1958, ilimwacha juu plake zake hazikuuzwa tena sawa zamani.

Hakuwa mtu wa bure. Mtoto wa walimaji wa pamba kule Arkansas, tarehe 13 Januari 1968 aliingia gereza la Folsom kuimbia wafungwa. Siku ile aliimba pia wimbo wa Merle Travis, mtoto wa mchimba makaa wa Kentucky, juu ya giza la chini ya udongo. Wimbo ule, siye tunaoshuka na taa kichwani hatuhitaji mtu wa kututafsiria.

Kwa miaka mingi Cash alitaka kufanya plake ya sauti yake na gitare tu, bila ngoma, bila kitu kingine. Wakubwa hawakutaka. Mwaka 1993 akakutana na Rick Rubin, bwana wa ndevu nyingi aliyejulikana kwa rap na rock ya kelele. Rubin akamkalisha sebuleni mwake Los Angeles, akamwambia aimbe zile anazopenda. Zingine walizirekodi katika kijumba cha Cash mwenyewe, Tennessee. "American Recordings" ikatoka 1994, mzee ana miaka 62, na ikapata Grammy.

Watu wa Katanga hawatashangaa. Mtu mmoja, gitare moja: njo vile Hugh Tracey alimkuta Mwenda Jean Bosco katika Jadotville, Likasi ya leo, mwaka 1952. Orchestre ya nini?

Lakini kuko ingine inayotuuma zaidi. Nyimbo alizorekodi 1981 na 1984 na Billy Sherrill, Columbia ilizifungia, ikasema haziendi sokoni. Mtoto wake, John Carter, alikuta kaseti zile, zikatoka 2014 kwa jina "Out Among the Stars". Baba alikuwa amekufa tangu 2003. Na juu ya plake kumeandikwa nini? Columbia, ileile.

Tulipoeleza hadithi hii kwenye mkutano wa sendika, mzee mmoja wa pompe alitikisa kichwa, akauliza: "Sasa zile franga, nani alizipokea?"