Fukusi Dhidi ya Magugu Maji: Kazi Yao na Mipaka Yake

Kamati za sharika zilizo kandokando ya Ziwa Victoria zimekuwa zikituuliza kama ni kweli mdudu mdogo anaweza kupunguza magugu maji yaliyoshinda mapanga na mikono ya vijana wetu. Wafadhili nao huuliza kwa nini kazi hiyo huchukua muda mrefu. Katika toleo hili tunajibu maswali yote mawili.

Magugu maji asili yake ni Amerika ya Kusini. Yalionekana katika ziwa letu mwishoni mwa miaka ya 1980. Huku hayakuwa na adui, na kwenye maji yenye rutuba huweza kuongezeka maradufu kwa muda wa wiki mbili hivi. Athari zake tunazijua: mitumbwi hushindwa kutoka, nyavu hupotea, samaki hukosa hewa, na konokono wanaoeneza kichocho hupata makazi pale akina mama wanapochota maji.

Wadudu hao ni nani?

Ni aina mbili za fukusi kutoka huko huko Amerika ya Kusini, wenye urefu wa milimita 4 hadi 5 hivi. Fukusi mzima hula ngozi ya jani wakati wa usiku na kuacha makovu madogo ya kahawia. Jike hutaga mayai ndani ya bua. Funza wake hutoboa bua hadi kwenye kitovu cha mmea, kisha hujifunga ndani ya kifuko kwenye mizizi chini ya maji. Mmea uliotobolewa huingiwa na maji, huoza na hatimaye huzama.

Je, hawatahamia mashambani?

Wakulima wanaowafahamu fukusi wa migomba wana haki ya kuuliza. Fukusi hawa walipimwa kwa mimea mingi kabla ya kuachiliwa kwa mara ya kwanza nchini Marekani mwaka 1972. Hawawezi kuzaliana kwenye migomba, mahindi wala mpunga. Magugu maji yakipungua, nao hupungua.

Matokeo yake

Uganda iliwaachilia mwaka 1995, Tanzania na Kenya mwaka 1997. Kufikia mwaka 2000 magugu yalikuwa yamepungua sana sehemu nyingi za ziwa. Mvua za El Niño za mwaka 1997 na 1998, pamoja na mawimbi, zilichangia pia. Si haki kuwapa fukusi sifa zote.

Miaka ya 2006 na 2007 magugu yalirudi kwa wingi katika Ghuba ya Winam, upande wa Kisumu. Mbegu zake hudumu kwenye matope kwa miaka 15 na zaidi, na mbolea, udongo na majitaka yanayoingia ziwani huyapa chakula. Mto Kagera nao huendelea kuleta mimea mipya. Kwa hiyo fukusi hudhoofisha magugu, hawayamalizi.

Kamati zifanye nini?

1. Kagueni majani kabla ya kung'oa. Yakiwa na makovu, fukusi wapo.
2. Safisheni mwalo na njia ya mitumbwi, lakini acheni sehemu yenye fukusi. Mkiondoa yote, mmewaondoa na wao, na magugu yatakayoota upya hayatakuwa na adui.
3. Msihamishe magugu kwenda kwenye bwawa au mto usio nayo. Mkihitaji fukusi, waoneni kwanza maofisa uvuvi wa wilaya.
4. Zuieni udongo, mbolea na vinyesi visiingie ziwani: pandeni miti na majani kingoni, na jengeni vyoo mbali na maji.

Kwa wafadhili wetu: kizazi kimoja cha fukusi huchukua miezi kadhaa, na matokeo huonekana baada ya miaka, si baada ya robo mwaka. Tunaomba mradi huu upimwe kwa kipimo hicho, na fedha za vyoo na miti zihesabiwe kuwa sehemu ya vita hiyo hiyo.