Eileen Collins na kiti cha kushoto

Katika vyombo vya Space Shuttle vilivyorushwa na Marekani kuanzia 1981 hadi 2011, aliyekaa mbele upande wa kushoto ndiye aliyekuwa kamanda. Kulia kwake alikaa mtu aliyeitwa rubani, ambaye kazi yake hasa ilikuwa kumsaidia kamanda na kuichunga mitambo. Nyuma yao walikaa wataalamu: wahandisi, madaktari, wanafizikia. Sally Ride, mwanamke wa kwanza wa Marekani kufika angani, alikaa huko nyuma mwaka 1983. Wenzake waliomfuata walikaa huko huko. Hadi Februari 1995 hakuna mwanamke aliyekuwa ameruka kwenye mojawapo ya viti vile viwili vya mbele.

Hakukuwa na kanuni iliyowakataza. NASA ilitaka tu rubani awe na saa zisizopungua 1,000 akiwa rubani mkuu wa ndege ya jeti, na ikawapendelea waliohitimu shule za marubani wa majaribio. Saa hizo zilipatikana jeshini, na Jeshi la Anga la Marekani halikuwapokea wanawake kwenye mafunzo ya urubani hadi 1976. Kwa hiyo kanuni ambayo haikumtaja mwanamke popote ilimfungia nje kabisa. Wanawake 13 waliofaulu vipimo vya kitabibu vya Dkt. Lovelace kule New Mexico mwanzoni mwa miaka ya 1960, vipimo vile vile walivyopitia wanaanga wanaume wa kwanza wa Marekani, waligonga ukuta wa aina hiyo hiyo. Mmoja wao, Jerrie Cobb, alikuwa ameruka saa nyingi kuliko mwanaanga John Glenn, lakini si kwenye jeti za majaribio. Hakufika angani.

Eileen Collins alizaliwa 1956 huko Elmira, jimbo la New York, mji maarufu kwa ndege zisizo na injini, zile zinazoelea kwa kubebwa na hewa inayopanda kando ya vilima. Alizitazama tangu utotoni bila kuwa na uwezo wa kuzipanda, kwani familia yake ilikuwa na kipato kidogo na kuna wakati iliishi kwenye nyumba za msaada wa serikali. Alifanya kazi, akaweka akiba, akajilipia mwenyewe masomo ya urubani. Alianzia chuo cha kawaida cha mtaani kwao, akaendelea na hisabati Chuo Kikuu cha Syracuse, na mwaka 1978 akaingia mafunzo ya urubani ya Jeshi la Anga huko Oklahoma. Mwaka uliofuata akawa mkufunzi wa marubani wa jeti. Baadaye alirusha ndege kubwa za mizigo aina ya C-141, akafundisha hisabati kwenye chuo cha jeshi hilo, kisha akahitimu urubani wa majaribio kule Edwards, California, mwaka 1990. Mwaka huo huo NASA ilimchukua.

Safari yake ya kwanza ilikuwa Februari 1995, akiwa rubani wa Discovery, chombo kilichokisogelea kituo cha Mir cha Warusi hadi umbali wa mita 11 hivi. Aliwaalika wanawake wa kundi la Lovelace waje kutazama akirushwa, na kadhaa walifika, miaka zaidi ya 30 baada ya wao wenyewe kukataliwa. Mwaka 1997 akarudi Mir, safari hii akitumia chombo cha Atlantis.

Lakini safari inayostahili kuelezwa kwa kirefu ni ya usiku wa Julai 23, 1999, alipokaa kiti cha kushoto cha Columbia, mwanamke wa kwanza kuongoza Space Shuttle. Ndani ya chombo kulikuwa na darubini ya Chandra pamoja na roketi ya kuisukuma mbali zaidi, mzigo wa tani 22 na ushei. Space Shuttle haikuwahi kubeba mzigo mzito kuliko huo.

Sekunde 5 tu baada ya chombo kuachana na ardhi, kulitokea shoti ya umeme. Waya mmoja uliokuwa umesuguana na kichwa cha skrubu ulikuwa umechunika ganda lake. Ilidumu chini ya nusu sekunde, lakini ilitosha kuzima kompyuta 2. Kila injini kati ya zile 3 ilikuwa na kompyuta 2, ya kwanza na ya akiba. Injini ya kati ikapoteza moja, ya kulia nayo moja. Kuanzia hapo, injini hizo mbili hazikuwa na akiba yoyote.

Wakati huo huo kulikuwa na jambo jingine ambalo hakuna aliyeliona kwenye chombo. Kuta za bomba kubwa la kutolea moto la kila injini zimeundwa kwa mirija myembamba zaidi ya 1,000, inayopitisha haidrojeni ya kimiminika ili chuma kisiyeyuke. Ndani ya injini ya kulia, pini ndogo yenye urefu wa sentimita 2 na nusu hivi ilichomoka wakati wa kuwasha, ikaruka na kupasua mirija 3. Haidrojeni ikaanza kuvuja. Injini ikafidia kwa kutumia oksijeni nyingi kuliko ilivyopangwa, na oksijeni hiyo ikaisha mapema kidogo. Columbia ilifika juu ikiwa na upungufu wa takriban mita 5 kwa sekunde, katika mwendo unaokaribia mita 7,800 kwa sekunde.

Collins aliripoti taa ya onyo ya umeme kwa sauti tulivu, akapokea maelekezo ya waongozaji wa safari waliokuwa Houston, na pamoja na rubani wake, Jeff Ashby, wakayatekeleza. Kwangu mimi hapa ndipo ukubwa wake unapoonekana. Kama injini ingezimika mapema, angelazimika kukigeuza chombo angani na kurudi Florida akiwa na mzigo ule, jambo ambalo halikuwahi kujaribiwa na mtu katika safari halisi. Alikuwa tayari kulifanya ikibidi, na kwa dakika zote 8 na nusu za kupanda alijizuia kugusa chochote kisichohitaji kuguswa. Zile saa 1,000 zinafundisha hilo. Kilichokuwa kosa ni kuamua nani aruhusiwe kuzitafuta.

Saa chache baadaye Chandra ilitolewa salama, na imefanya kazi kwa zaidi ya miaka 25 ingawa ilipangiwa 5. Inachunguza miale ya eksirei inayotoka kwenye gesi yenye joto kali, kwenye mabaki ya nyota zilizolipuka na pembezoni mwa mashimo meusi. Elimu hiyo ina mizizi kwetu Afrika Mashariki: setilaiti ya kwanza kabisa kutengwa kwa ajili ya kazi hiyo ilirushwa Desemba 12, 1970 kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, ikapewa jina Uhuru kwa heshima ya siku ya uhuru wa Kenya. Riccardo Giacconi aliyeiongoza ndiye pia aliyekuwa miongoni mwa walioibuni Chandra.

Collins alirudi kiti cha kushoto Julai 2005, akiongoza safari ya kwanza ya Space Shuttle tangu Columbia ilipoangamia na watu wake 7 mwaka 2003. Kabla ya kutia nanga kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga, aliipindua Discovery taratibu mzunguko mzima, mita 180 hivi chini ya kituo, ili walioko juu wapige picha vigae vya tumboni vinavyokinga joto. Alikuwa wa kwanza kufanya hivyo. Picha zilionyesha vipande vya kitambaa vilivyochomoza kati ya vigae, na mwanaanga mwenzake, Steve Robinson, akatoka nje kuving'oa kwa mkono. Walitua Edwards Agosti 9.

Alistaafu NASA mwaka 2006. Mwaka uliofuata Pamela Melroy, rubani mwingine wa majaribio wa Jeshi la Anga, aliiongoza Discovery hadi kwenye kituo ambacho kamanda wake wakati huo alikuwa Peggy Whitson. Baada ya Melroy hakuna mwanamke mwingine aliyekaa kiti kile. Kati ya safari 135 za Space Shuttle, 3 tu ziliongozwa na mwanamke. Hesabu yenyewe si ngumu: anza 1976, ongeza miaka ya mafunzo, ya kutafuta saa za jeti, ya shule ya majaribio, ya kusubiri zamu kwenye kiti cha kulia. Collins alikuwa miongoni mwa wanawake wa mwanzo kupita mlango ule, na bado alihitaji miaka 21, tangu alipoanza mafunzo Oklahoma, kufika upande wa kushoto.